Kapu Lisilotoa Moshi

Mimi nina hasira za karibu na mikono isiyotulia. Mume wangu husema viwili hivyo vikikutana siku moja, hakuna kitu kitakachobaki kilivyokuwa ndani ya nyumba. Kazi yangu ni ushonaji, hapa Kilole, mjini Korogwe, na cherehani yangu ya kukanyaga iko barazani. Nyuma ya nyumba nina banda ambalo majirani wanaliita hospitali, kwa sababu kila kilichokufa mtaani kinaishia mle: madishi ya televisheni, baiskeli zisizo na minyororo, mifuko ya saruji, ndoo zilizopasuka. Mchana jua hupenya kwenye matundu ya bati, vumbi linaelea polepole kwenye ile miale, nami nakaa pale naota macho wazi. Naona nchi nzima inapika bila kukata mti hata mmoja. Milima ya Usambara iko kijani mpaka juu, mito imejaa, na hakuna mwanamke anayefuta machozi ya jikoni. Halafu mteja anapiga hodi kuulizia gauni lake, natoka nimenuna.

Nilianza na jiko la jua. Nilichukua dishi bovu nikalibandika karatasi za kung'aa za ndani ya paketi za sigara, nilizoziokota kijiweni kwa miezi mingi huku watu wakinidhania nimeanza kuvuta. Siku ya kulionyesha lilichemsha maji ya chai. Majirani wakanywa, wakasifu, wakaomba sukari zaidi. Hakuna hata mmoja aliyetaka la kwake. Mama mmoja muuza maandazi akaniambia, "Fundi, yaani nikae juani nageuzageuza dishi ili uji uchemke? Si nitachemka mimi kwanza." Nikamwambia anirudishie kikombe changu.

Baada ya hapo nikaunda baiskeli ya kupukuchua mahindi. Mume wangu aliikanyaga jioni mbili, goti likavimba. Jioni ya tatu nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapukuchua kwa mikono, redio pembeni, uso umetulia kabisa. Sikumsemesha mpaka kesho yake mchana.

Kwa hiyo kukataliwa nilikuzoea. Lakini kapu halikuwa mchezo wa bandani. Kapu nililitengeneza kwa ajili ya mama yangu, na nilikuwa naogopa.

Mama aliolewa kwenye kambi ya mkonge, na mimi nilizaliwa humo. Baba yake baba alikuja kukata mkonge akitokea mbali, na kijiji chake hatukijui hadi leo. Baba alipofariki, mama alirudi kwao Sindeni, upande wa Handeni, kwa Wazigua wenzake, akajenga nyumba ndogo ya udongo na bati kwenye mwinuko. Mbele yake kuna bonde, na ng'ambo ya bonde kuna nyumba nyingine kama hiyo, ya mama mjane wa rika lake. Kati ya hizo nyumba mbili kuna mashamba ya mahindi, mihogo, na kijito ambacho kiangazi hakina maji. Mimi nikiifikiria Sindeni naiona asubuhi tu, ukungu umelala bondeni na zile nyumba mbili ziko juu yake, zinatazamana.

Jikoni kwa mama kulikuwa na mafiga matatu na mlango mmoja. Dirisha hapana. Humo ndimo alimopika bada, yaani ugali wa muhogo, na makande maisha yake yote, mpaka kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilimleta hospitali Korogwe. Daktari, kijana mpole, akamsikiliza mgongoni muda mrefu kisha akasema, "Bibi, ni moshi huu. Ukiendelea kukaa nao, pumzi itakuishia." Mama akasema ahsante mwanangu. Tulipotoka tu akapitia sokoni kununua dagaa wa kwenda kupika.

Nikamwambia aje akae na sisi. Akasema kelele za cherehani zitamuua kabla ya moshi. Nikamwambia basi nikununulie jiko la gesi. Akauliza mtungi ukiisha atambebesha nani mpaka mjini. Kila nililosema lilikuwa na jibu, na kila jibu lilikatwa na kikohozi. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu vikohozi vyake kimoyomoyo, na nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo.

Ndipo nikashona kapu. Nilinunua kapu kubwa la ukili, ndani nikalizungushia mto mnene, na mfuniko wake nao ni mto. Mara ya kwanza nilijaza taka za mkonge zilizotoka kiwandani, mbichi, na kwa wiki moja nyumba yetu ilinuka mpaka mbuzi wa jirani wakahama njia. Nikazimwaga. Mara ya pili nikajaza katani kavu niliyoichambua kwa vidole, pamoja na vipande vya nguo nilivyokuwa nimebakiza: sare za shule, kitenge cha harusi ya fulani, shati la baba. Kazi yake ni rahisi. Unachemsha chungu nje kwa muda mfupi, unakitia kapuni kikiwa kinatokota, unafunika, unakwenda zako. Chakula kinaiva peke yake.

Mama alilizunguka kapu kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Ndani kuna moto?"

"Hakuna, mama."

"Sasa kinaivaje?"

"Kwa joto lake mwenyewe. Kapu linalizuia lisitoke."

"Kama kuku na mayai."

"Hivyo hivyo."

Jioni tukachemsha makande nje, tukayatia humo, tukalala. Asubuhi akafunua. Mvuke ukampanda usoni, mvuke mtupu usiouma macho. Akatoa haragwe moja, akalibonyeza kwa kidole, likapondeka. Akalitia mdomoni, akasema, "Limeiva." Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikanawa uso nikarudi. Siku ile nikiwa kwenye gari la kurudi Korogwe, nilikaa dirishani natazama milima inavyokuja taratibu, na nilijiona nimeishika pumzi ya mama yangu mkononi.

Siku ya tatu mama akapiga simu. Alikuwa anacheka na kukohoa kwa pamoja.

"Kapu lako nimempa kuku alalie," akasema.

Nilifunga cherehani nikaenda, na njia nzima natunga maneno. Nikamkuta kuku kweli amelalia humo, kwenye sare za shule na shati la baba, ananitazama kama mimi ndiye mgeni. Mama akanikalisha, akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, kwa kuwa kule hakuna anayeliona ni jambo la kuelezwa.

Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, yeye na yule jirani wa ng'ambo hutazamana paa. Moshi ukitoka jikoni, mwenzako kaamka. Usipotoka, unashuka bonde kwenda kuangalia. Hawakuwahi kukubaliana. Walijikuta wanafanya hivyo tangu walipobaki wajane, na hata wakiwa wamenuniana, moshi walitazama.

Siku niliyolala kwake tuliwasha moto wa chai jikoni. Sasa asubuhi iliyofuata alikula makande ya kapuni bila kuwasha moto; jirani alitazama, akangoja, akatazama tena. Akafunga kanga kiunoni akashuka bonde analia. Akapandisha kilima akiwa ameshaanza kumwita kaka yake mama, marehemu, ampokee dada yake. Akamkuta mama kizingitini ana bakuli la makande ya moto, anatafuna. Yule bibi alikaa chini palepale, akapumzika, akanyanyuka akashuka bonde. Alimnunia siku mbili.

"Sasa mimi nimtie mwenzangu presha kila siku?" mama akauliza.

"Kwa hiyo unachagua moshi kuliko pumzi yako?"

"Nachagua ijulikane niko hai."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Haya, kohoa mpaka ufe basi, watauona moshi." Nilimwambia mama yangu maneno hayo, mimi, kwa mdomo huu. Alichukua ufagio akaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa safi, nami nikaondoka bila kula.

Wiki mbili sikupiga simu. Nilishona vibaya, nikamkatia mteja mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Bandani sikuingia. Mume wangu alinivumilia, kisha siku moja asubuhi akaniwekea nauli juu ya cherehani.

Nilifika Sindeni mapema, umande bado uko kwenye mahindi. Nilipotokeza kwenye njia nikaona moshi. Moyo ukashuka. Lakini haukuwa unatoka jikoni. Ulitoka mwisho wa uwanja, mwembamba, mweupe, umenyooka juu kwa sababu upepo ulikuwa haujaamka. Mama alikuwa amesimama mbali nao, upande ambao hauwezi kumfuata, mkono kiunoni, mkono mwingine ameshika majani makavu. Kwenye kizingiti kulikuwa na kapu, limefuliwa na kufunikwa. Kuku alikuwa anazunguka uwanjani, amekasirika.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

"Mbona tena moshi?"

"Huo si wa kupikia," akasema. "Huo ni wa kuamkia."

Akanionyesha ng'ambo kwa kidevu. Juu ya paa la jirani moshi mwingine ulikuwa unapanda. Tukasimama tunaitazama ile mistari miwili juu ya ukungu mpaka ikachanganyika na mawingu. Nikamwomba radhi. Akaniambia nikale, makande yapo.

Nilijisikia mjinga, na nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahia kitu cha mikono yangu. Mimi niliuhesabu moshi kuwa uchafu wa kuondolewa tu, sikuuliza unafanya kazi gani nyingine. Yeye alikitengeneza kifaa changu kwa konzi ya majani. Kifua chake hakikupona, tusidanganyane, lakini ile filimbi ilipungua, akawa anafika shamba la chini na kurudi bila kupumzika njiani. Wanawake watatu wa pale wakataka makapu, nikawashonea. Wawili wanawekea nguo.

Hivyo tuliishi miaka miwili. Nikiikumbuka naiona kama asubuhi moja ndefu.

Siku ile nilikuwa natia uzi kwenye sindano simu ikaita. Ilikuwa namba ya jirani wa ng'ambo, ambaye hakuwahi kunipigia. Kabla sijamwamkia akasema, "Mwanangu, moshi haujatoka leo. Nashuka bonde." Akakata. Sikungoja apige tena. Nilifunga mlango, cherehani nikaiacha nje na nguo ya watu juu yake.

Nilipofika, wanawake walishajaa uwanjani. Mama alikuwa amelala kwa ubavu, kiganja chini ya shavu, alivyokuwa analala siku zote. Jirani alikuwa amekaa karibu yake, kanga bado imefungwa kiunoni. "Nimemkuta hivi," akaniambia. "Hakuhangaika." Nilimshika mama mguu. Ulikuwa wa baridi.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikaenda kwenye kapu, nikaondoa mto, nikafunua chungu. Makande yalikuwa yameiva, na yalikuwa bado vuguvugu. Aliyachemsha jioni ayale asubuhi. Hapo ndipo nililia, nimeinama juu ya chungu, mpaka jirani akaja akanishika bega. Alileta sahani ya bati na kijiko kimoja. "Kula," akasema. "Kesho yatakuwa yamechacha." Tukala sisi wawili, kijiko kwa zamu, tukamaliza.

Tulimzika alasiri ile. Siku ya tatu, baada ya hitima, wageni walipotawanyika, jirani alinikuta nakusanya vyombo. Nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu kifua chake nacho kilikuwa kimeanza kupiga filimbi.

"Hilo kapu utalipeleka Korogwe?" akauliza.

"Lichukue, mama."

Akalichukua, akalishika kifuani kwa mikono miwili, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama paa la jikoni kwa mama.

"Kupika nitapika," akasema. "Na moshi wangu atautazama nani?"

Mimi fundi mwenye banda zima la majibu, nilisimama na sufuria mkononi, nami nikalitazama lile paa.

Siku hizi, kabla sijakaa kwenye cherehani, natoka uani na simu, nageukia upande wa Handeni, ingawa kutoka Kilole hakuna kinachoonekana ila mabati ya majirani. Nampigia. Masikio yake ni mazito kidogo, hana muda wa maneno mengi. Namwambia shikamoo, ananijibu, "Umetoka," anakata.

Juzi simu iliita mara tatu bila kupokelewa, nikajikuta nimeshavaa viatu. Ya nne akapokea. Alikuwa nje, anakusanya majani.