Gasketi ya Sikukuu

Siku ya kuamkia Idi, Twalibu, fundi boila, alibaki peke yake katika kiwanda cha korosho Kibiti. Gasketi inayoziba maungio ya bomba la mvuke ilikuwa imeungua, mpya ya grafaiti ingefika kesho na basi la Dar, na Idi pili kazi ingeanza.

"Kata mpira wa tairi, funga, uje," mkewe Nasra alimwambia kwa simu kutoka Mohoro. "Wenzio wote wamefika."

"Mpira hauhimili mvuke, mama Salama. Utapasuka, uwababue akina mama wanaobangua."

"Basi lioe hilo boila!"

Simu ikakatwa. Asubuhi Twalibu alisali Idi hapo Kibiti, akapeana mikono na watu asiowajua.

"Kwenu wapi, kaka?" mmoja akamuuliza.

"Hapo tu, Mohoro."