Gari-Nyumba la Kumpandishia Mama Jabali

Kila mwaka, msimu wa baridi ukikaribia, mama yangu alisema anataka kulala usiku mmoja kijijini kwa baba yake, juu ya mlima wa Jabal Akhdar. Na kila mwaka sisi wanawe tulimjibu: mwakani, inshallah. Mama alizaliwa Unguja, akaja Oman mtu mzima, na kijiji kile alikiona mara chache tu, wakati wa joto, akirudishwa chini kabla ya magharibi. Sasa magoti yanamsumbua na kifua kinambana. Neno “mwakani” likaanza kunitia aibu. Nikanunua gari-nyumba.

Lilikuwa lori dogo, mtumba, magurudumu yote manne yanavuta, na mgongoni lina chumba: kitanda, jiko la gesi, sinki, na choo cha ukubwa wa kabati. Kaka yangu, mhandisi, mtu wa kupima hata chumvi, alikuja kwangu Ibra kutoka mji wa Sur, akalizunguka.

“Wewe shahada yako ya nini vile?”

“Fasihi.”

“Basi lisomee shairi, labda litapanda.”

Nikajifunza kwa ukaidi. Rejeta ilikuwa na maji matupu, maana nani Ibra anafikiri maji yataganda? Nikayamwaga, nikatia dawa ya kuzuia kuganda. Nikabadilisha betri na pedi za breki, nikayavisha mabomba ya sinki sponji, nikaijaribu hita mpaka nikatoka jasho. Niliagiza pia minyororo ya kufunga kwenye magurudumu kwa ajili ya theluji. Kaka akauvaa mmoja shingoni kama mkufu wa bibi harusi, akacheza nao uani. Minyororo ile haijagusa gurudumu mpaka leo. Siitoi ng’o.

Kitu nilichosahau ni jamaa zangu. Kwetu msafiri haachwi aondoke mikono mitupu, hata safari yenyewe ikiwa ya usiku mmoja. Shangazi wa Al Qabil alileta tende, jirani gunia la mchele, wifi yangu, mke wa huyo kaka, makopo ya halwa. Wengine mablanketi, zulia, madumu ya maji. Kukataa ni tusi. Nikasema ahsante, nikapakia.

Chini ya mlima, askari wa kizuizini alizitazama springi za nyuma zilivyolala.

“Khala,” akaniambia kwa upole, kama anasema na mama yake mdogo, “kwa mzigo huu breki zitaungua mkishuka. Punguza.”

Kaka alikuwa nyuma yetu na gari lake. Alitufuata toka Ibra akilingojea neno hilo hilo. Akaja, akaufungua mlango wa mama.

“Umesikia, mama. Mzigo upunguzwe. Twende zetu nyumbani, baridi ya huko itakumaliza.”

Mama hakugusa mkanda. “Kwani mimi gunia la mchele?”

“Sikusema hivyo, mama.”

“Basi shusha mchele.”

“Na kifua chako?”

“Daktari kasema nivae soksi. Hakusema nikafie Ibra.”

Kaka akanigeukia nimsaidie. Mimi nilikwisha fungua mlango wa nyuma. Mchele, tende, zulia, madumu, vyote vikaingia garini mwake.

“Halwa ya mkeo hiyo,” nikamwambia, “ishike kwa adabu.”

Gari lake likainama, letu likainuka. Askari akatupungia mkono tupite, kaka akabaki chini na mzigo.

Tulipanda kwa gia ndogo. Mshale wa joto ukasogea kidogo, ukatulia. Kila kona mama alisoma dua kwa sauti, nami nikimsihi aisome kimya, maana ilinifanya nihisi anaona kitu nisichokiona.

Asubuhi yake, kijijini, kopo la maji ya udhu tuliloliacha nje lilikuwa na ukoko wa barafu. Mama akaubandua, akaushika mpaka vidole vikamuuma, akacheka, akakohoa. Nikakimbilia hita.

“Niache!” akasema. “Usinitazame kama maiti.”

Simu ikalia. Kaka.

“Mwambie ndiyo, nasikia baridi,” mama akasema, akijifunga shali. “Na mwambie kesho pia nitaisikia.”

Tulikuwa tumekubaliana usiku mmoja. Nikamwambia kaka kama mama alivyosema, neno kwa neno.