Mgombea Asiye na Ukoo

Baba alihamishiwa Ringwani kufundisha, akazikwa hapa hapa. Mimi nilizaliwa hapa, Kikurya nakiongea mpaka ndotoni, lakini ukoo sina. Mvi zimeota na bado naitwa mtoto wa mwalimu. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani, na tangu hapo sijaona sababu ya kutoka. Naanika mihogo kwenye jiwe la uani, naiangalia ikikauka. Siku nyingine hiyo ndiyo shughuli yote.

Kitongoji chetu kina koo mbili, moja huku juu, nyingine bondeni. Mwenyekiti akitoka juu, watu wa bondeni husema barua zao za utambulisho zinacheleweshwa. Akitoka bondeni, wa juu husema njia ya ng'ombe imelimwa makusudi. Uchaguzi ulipokaribia, mzee mmoja wa juu na mama mmoja wa bondeni anayeuza dagaa walikuja kwangu pamoja. Nilidhani kuna msiba.

"Mura," mzee alisema, akiniita kijana na mvi zangu, hata shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, "tumekaa, tumeona ugombee wewe."

"Kwa lipi?"

Mama alicheka. "Huna ukoo, huna mke, huna hata mbwa. Utampendelea nani, kuku?"

Sijawahi kusifiwa vile.

Kuanzia hapo watu wakawa wanakuja. Mwanzoni wa juu asubuhi, wa bondeni jioni, halafu wakaanza kukutana uani kwangu na kutaniana. Niliazima viti kanisani. Nilijifunza kupika chai ya watu wengi. Uenyekiti wenyewe haukuninyima usingizi. Nilichotaka ni ile kelele isiishe.

Aliyeikatisha ni mtendaji wa kijiji, dada aliyepangiwa kazi huku kutoka mkoa wa mbali, kama baba.

"Kadi yako ya chama iko wapi?"

"Sina."

"Basi huwezi kugombea. Katiba yetu haina mgombea binafsi. Lazima chama kikudhamini."

"Hilo tu?" mzee akasema. "Aje chama chetu."

"Chenu ni chenu," mama akamjibu. "Huyu anakuja kwetu."

Chai ikapoa. Vyama ni vya Watanzania wote, ndivyo ilivyoandikwa, ila kwetu kimoja kimepanda juu na kingine kimeshuka bondeni, kama mbuzi wanaojua zizi lao. Katiba haimuulizi mtu ukoo, na kwa hilo naipenda, maana ndiyo inayonifanya niwe wa hapa. Lakini nayo haitaki mtu aje peke yake. Nikichukua kadi yoyote, nusu ya viti inaondoka. Nikawaambia sichukui.

Niliamini nikizikataa zote nitabaki na watu wote. Hizo ndizo hesabu nilizofundishwa sekondari.

Kila upande ukasimamisha mtu wake. Viti nikavirudisha kanisani.

Siku ya kura nilipanga foleni nyuma ya mzee na mbele ya mama. Tulipotoka, mzee akanitazama pembeni. "Umewapa wa bondeni, nakujua."

"Wa bondeni gani!" mama akadakia. "Huyu wenu siku zote."

Wakacheka wote wawili, wakaniaga, kila mmoja akashika njia ya kwao.

Kura ni siri. Yangu nimeitunza vizuri kabisa. Hakuna aliyekuja uani kuiulizia.