Wimbo Niliomwomba Baba Asiuimbe

Mjukuu wangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, nayo ni siku ya harusi yangu huko kwetu Kishapu. Nilikuwa nimetoka machimbo ya dhahabu ya Geita, miguuni viatu vyeusi, begani gramafoni, ya kwanza kuonekana kijijini.

Baba yangu ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo za kulimia. Alikuwa na wimbo wake aliotunga ujanani: nina maziwa ya mgando kibuyuni, nina michembe, viazi vikavu, ghalani, mvua imenikuta kwangu; mnaokimbia kimbieni, mimi nimeshiba. Watu walilima pamba kwa wimbo huo tangu sijazaliwa. Asubuhi ya harusi nikamwomba, kwa upole niliodhani ni adabu, asiuimbe, maana wenzangu wa machimboni wangetucheka. Akaitikia kwa kichwa tu. Siku nzima gramafoni ikalia, wageni wakakaa wakiitazama, na baba akakaa nao. Hakuna aliyecheza.

Siku ya tatu mke wangu Kabula, bibi yenu, akaniuliza mbona baba hakuimba. Nikamweleza. Akaitua kata ya maji aliyoishika.

"Wimbo ule niliusikia nikipita kwenda gulioni," akasema. "Ndio ulionifanya nikubali kuja kwenu."

Nikaenda kwa baba, nikapiga magoti, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba anifundishe. Akanijibu kuwa wimbo wake hauimbwi na mtu aliyekaa.

"Chukua jembe," akasema.

Msimu ule sikurudi machimboni. Nililima kando yake tangu mvua za kwanza. Siku nyingine alinipa mstari mmoja, siku nyingine hakunipa kitu. Nikikosea ananyamaza, naanza upya. Sauti yangu ilikuwa mbaya, na hata leo ni mbaya, lakini sikuacha. Palizi ya mwisho, majirani wote wamepanga safu, akanisukuma mbele niongoze. Nikaimba. Na baba yangu, mwenye wimbo, akaitikia nyuma yangu pamoja na wengine.

Mjukuu wangu, nunua redio, panda basi, nenda ukachimbe dhahabu, sikukatazi. Ila usimnyamazishe mzazi wako ili wageni wakuone wa maana. Na kile kidogo kinachokushibisha, kitaje kwa sauti, hata wakicheka.

Mungu akunyeshee mvua kwa wakati wake, na ukianza kuimba, usikose watu wa kukuitikia.