Swichi Nyekundu na Miguu ya Baba Mkwe

Mpaka leo nikipita sokoni Mpanda kuna watu wazima, wenye watoto wao, wananiita "Mia na Kumi na Tano," na mimi nageuka kabisa kama ndilo jina nililobatizwa nalo. Mke wangu anasema bora nijieleze mwenyewe kabla hamjaelezwa na wanaoongeza chumvi. Haya, chekeni taratibu.

Miaka ya tisini inakaribia kuisha, mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia (shikeni hilo, fizikia), nikaamua kuunda kompyuta yangu mwenyewe kwa vipande vilivyotumika, maana ile nzima ya dukani ilikuwa haishikiki. Kaka yangu wa Dar alikuwa ananitumia kimoja kimoja kwa treni, mwezi huu sanduku, mwezi ujao kibodi, monita ikaja imeviringishwa kwenye godoro la mtoto. Sababu niliyokuwa naitangaza ni masomo ya Jeni, mdogo wake mke wangu, aliyekuwa anakaa kwetu akiwa kidato cha pili. Sababu niliyokuwa siitangazi ni mchezo wa karata, kaka alisema umo humo ndani na unacheza peke yako.

Sasa baba mkwe. Mzee alikuwa analima tumbaku Katumba, na alishaanza kusema Jeni arudi nyumbani asaidie shambani, kwa sababu haoni anachokifuata mjini. Mimi kwa mdomo wangu huu nikamwambia aje Jumamosi, aione mashine atakayosomea binti yake, na isipomridhisha aondoke naye. Nani alinituma? Jeni aliposikia alininunia siku mbili.

Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa jenereta la mji mzima, unawashwa jioni, dhaifu mpaka balbu inawaka nyekundu kama kaa. Mzee kakaa kwenye kiti kizuri, majirani wamejaa dirishani, mimi nafanya ukaguzi wa mwisho (zilikuwa zimebaki skrubu mbili zisizo na kwao, nikazitia mfukoni haraka), ndipo nikaona nyuma ya sanduku, karibu na pale waya wa umeme unapochomekwa, kiswichi chekundu kimeandikwa 230, ukikisukuma inatokea 115. Nikaitazama ile balbu. Nikawaza kisomi kabisa, umeme wetu huu mdogo utaifikia wapi 230? Nikasukuma kwenye 115, nikajiona injinia.

Jeni akaninong'oneza, na kunong'ona kwake kunasikika hadi stesheni: "Shemeji, irudishe hiyo. Mita pale ukutani imeandikwa mia mbili thelathini."

Nikacheka kile kicheko cha walimu. "Jeni, nani anafundisha fizikia humu ndani?"

Nikamgeukia mzee. "Baba, karibu uone maendeleo." Nikabonyeza.

Nyie! Ilipiga mlio, paa! Cheche zikatoka nyuma, moshi, harufu ya plastiki, halafu giza, na si kwetu tu, mtaa mzima (wiki hiyo nilikuwa nimefunga waya mnene kwenye fyuzi kwa sababu ule mwembamba ulikuwa unanisumbua, hilo nalo msiniulize). Kwenye banda la video la jirani watu wakapiga kelele, wamekatiwa picha inakaribia mwisho. Mimi sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka niko sakafuni, nimekumbatia kitu kwa nguvu zangu zote, na sauti tulivu inatoka juu yangu:

"Mkwe, niachie miguu."

Jamani, mtu ambaye hata kumpa mkono nilikuwa nainama! Mke wangu akawasha kibatari nikiwa bado nimeing'ang'ania, majirani wakaona vizuri, na wale wa banda la video wakawa wamefika mlangoni wanauliza nani kawakatia. "Si huyu hapa mwalimu wa fizikia!" mmoja akajibu. Nilipoinuka zile skrubu mbili zikadondoka, zikabingirika mpaka kwenye viatu vya mzee. Akaziokota, akazitazama kwenye mwanga, akanikabidhi.

Hapo nilitaka kulia, na si kwa ajili ya kompyuta. Jeni alikuwa amesimama kando ya mlango, anajua kesho anarudi kwenye tumbaku kwa sababu yangu.

"Jeni," mzee akasema, "wewe ulijuaje?"

"Nilisoma kwenye mita, baba."

Mzee akamgeukia mke wangu, wala si mimi. "Mana yanje, Mungu wangu. Basi huyu abaki. Nyumba hii inahitaji mtu anayejua umeme."

Jumatatu shule nzima ilikuwa na jina langu jipya. Pawa saplai nyingine, badala ya ile iliyolipuka nyuma ya sanduku, ilipokuja kwa treni, Jeni aliifunga mwenyewe, na ile swichi akaibandika plasta ya kidonda, mimi kazi yangu ikiwa kushika tochi. Ikawaka. Tangu siku hiyo sijamuuliza mtu tena nani anafundisha nini humu ndani. Nikiambiwa rudisha, narudisha kwanza.