Tulirekodi Albamu Ndani ya Stoo ya Kabichi

Kama una santuri yetu ya 1977, weka upande wa pili, wimbo wa mwisho. Utasikia mtu akigonga mlango wa mabati kwa hasira.

Wengi hufikiri huo ni ufundi wa studio. Sio ufundi, bana. Huyo ni mama alikuwa anataka kabichi zake.

Naitwa Mwandawiro. Enzi hizo nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge karibu na Voi, lakini ungeniuliza kazi yangu, ningekwambia mimi ni mwimbaji wa roki.

Nilikuwa na afro kubwa na suruali pana ya kufagia barabara.

Sauti? Tutafika huko.

Bendi yetu iliitwa Voi Thunder. Mimi nilipiga gitaa na kuimba. Donald, mwalimu wa primary, alipiga besi. Khaemba, kijana wa kutoka Kakamega aliyefanya kazi reli, alikuwa kwenye dramu. Midundo yake aliitoa kazini, akigonga magurudumu ya mabehewa kwa nyundo asikilize kama kuna ufa.

Maneno nilitunga mimi, yote kwa Kiingereza. Nilikuwa na wimbo kuhusu theluji inayoangukia moyo wangu. Theluji yenyewe nilikuwa nimeiona nikiwa Taveta, ile ya Kilimanjaro, tena kwa mbali.

Siku moja Donald akaniuliza, "Mwandawiro, hii 'blizzard' ni kitu gani?"

"Hiyo ni filingi," nikamwambia.

Sikujua kwamba ni dhoruba ya theluji. Nilikuwa nimeiokota nyuma ya santuri ya wazungu.

Fundi wa kurekodi alitoka Mombasa na mashine yake ya tepu ndani ya pikapu. Tulijaribu kurekodi Voi. Kila nikianza kufunga macho kwa hisia, treni inapiga honi.

"Hapa mtarekodi reli," fundi akasema. "Tafuteni pahali patulivu."

Basi tukapanda hadi Bura, huko vilimani. Donald alikuwa anajuana na wakulima wa huko, wakatupa stoo yao ya mboga. Ilikuwa na kuta za mawe na jenereta. Tulipewa siku moja tu.

Kufikia alasiri tulikuwa tumemaliza nyimbo zote tulizokuwa nazo. Fundi akavaa spika zake za masikio, akasikiliza.

"Ngoma nzuri. Besi nzuri."

Nikangoja. Akawasha sigara.

"Na sauti?" nikauliza.

"Sauti imeingia," akasema.

Halafu akatuambia upande wa pili umepungua wimbo mmoja.

Nikaketi juu ya magunia ya kabichi kutunga. Hakuna kilichokuja, isipokuwa theluji. Khaemba naye akachoka kungoja, akaanza ule mdundo wake wa magurudumu. Donald akamfuata na besi. Fundi akawasha tepu.

Hapo ndipo mlango ukaanza kugongwa.

"Nyinyi mlio ndani, fungueni. Lori imefika, kabichi zangu zitaoza na nyinyi mnapiga madebe."

Alikuwa Mama Wakio, mkulima wa hapo, tena kiongozi wa kwaya kanisani. Ajabu ni kwamba mikono yake ilikuwa inaangukia sawasawa kwenye mdundo wa Khaemba.

Nikaruka kufungua. Akasimama mlangoni akitutazama kama wagonjwa.

"Mama, sema tena hivyo ulivyosema," Khaemba akamwambia.

"Niseme nini? Nimesema fungueni."

"Hivyo hivyo, mama. Lakini kwa kuimba."

Nilijua atatuchapa. Akaangalia lori, akatuangalia sisi.

"Pakieni kabichi kwanza."

Tukapakia. Nyota watatu wa roki, suruali zote matope. Lori ilipoondoka, akaingia, akafunga kanga kiunoni, akaimba: fungua mlango, nimechoka kungoja nje.

Fundi alizima sigara yake.

Mama akaimba mara moja tu, akaenda zake nyumbani kupika.

Albamu ikatoka, na kule kugonga mlango fundi akakuacha ndani ya wimbo. Redio ikapiga wimbo mmoja pekee, na unaujua ni upi. Wengine walisema ni wa mapenzi. Mimi nilipoulizwa na mtangazaji, nikasema kwa sauti nzito ni wimbo wa ukombozi wa Mwafrika.

Tukaitwa Mombasa kupiga shoo. Nikawaambia wenzangu hakuna haja ya kumsumbua mama wa watu, nitauimba mimi.

Nikauimba. Watu walinisikiliza kwa adabu, hakuna aliyecheza. Jamaa mmoja wa mbele akasubiri nimalize, akaniuliza, "Bwana, yule mama yuko njiani?"

Mwaliko uliofuata, wa hapa hapa Voi, ulikuja na sharti: mje na mama au msije. Khaemba akaniambia wazi kwamba nisipomleta, yeye anaacha bendi. Donald akatazama viatu vyake, nikajua naye yuko upande huo.

Nikapanda Bura. Nilimkuta akipalilia.

"Nitakuja," Mama Wakio akasema. "Lakini sitaimba na wewe ukiimba. Unanipoteza."

"Mama, mimi ndiye mwimbaji."

"Nani alikwambia?"

Nililifikiria hilo swali hadi Voi. Kweli, bana, hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Jumamosi ya shoo nikasimama nyuma na gitaa langu, mdomo nimefunga. Iliniuma, sitadanganya. Lakini mama alipoanza, ukumbi wote ukasimama. Na mimi kwa mara ya kwanza nikawasikia Khaemba na Donald. Walikuwa wazuri ajabu. Miaka yote tumekuwa pamoja na sikujua, kwa sababu nilikuwa naimba.

Kwa hivyo wewe unayependa kukaa mbele, siku moja jaribu kunyamaza. Unaweza kugundua uko kwenye bendi nzuri.

Baada ya shoo, mama yangu mzazi, Elsie, ambaye hakukosa shoo yetu yoyote pale Voi, alinishika mkono.

"Mwanangu, leo umeimba vizuri."

"Mama, leo sijaimba."

"Ndiyo," akasema. "Nimesikia."