Neno la Siri Vipande Vitatu

Tulikuwa watatu, na tulijiona wajanja kweli. Mimi wa Lindi, mwenzetu wa Sarang'ombe, zote sehemu za Kibera jijini Nairobi, na yule wa Kawangware, mtaa mwingine huko mbali kidogo. Tulikuwa tumeandika programu huria ya kuweka rekodi za wagonjwa. Mtu yeyote duniani angeweza kuichukua bure, aisome, airekebishe. Zahanati mbili ndogo ziliitumia, moja Lindi na moja Kawangware, na rekodi zote zilikaa kwenye kompyuta moja, chumba cha nyuma cha zahanati hapo Lindi.

Hakuna aliyetaka kuitwa bosi. Basi tukaiga chama cha akiba cha mama yangu huko Machakos: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa akina mama watatu. Neno la siri tuliligawa vipande vitatu, kila mtu na chake kichwani. Kompyuta ikizimika, kuifungua tena kulitaka sisi sote. Mgeni mmoja wa ng'ambo, aliyekuwa akitusaidia kurekebisha makosa ya programu, akatuandikia: mmoja wenu akifa au akipotea, nani anashika nafasi yake? Nilipandwa na hasira. "Ashindwe!" nikasema. "Huyu anatuombea kifo?" Hatukumjibu. Tulikuwa tumeogopa wizi tu, wajinga sisi.

Matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, makabila yakageukiana, Kibera ikawaka. Stima ikapotea, kompyuta ikazima. Nesi wa Lindi, aliyewajua wagonjwa wetu, alikuwa ameenda ushago, kijijini kwao, Krismasi, na simu yake ilikuwa "mteja hapatikani" tu.

Siku chache baadaye nesi wa Kawangware akanipigia. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama ambaye tulifua nguo pamoja miaka minne, alikuwa amekimbilia kanisani huko, kwa watu wa kabila lake. Chumba chake kilikuwa kimechomwa, kadi ya kliniki ndani. Alikuwa na kifafa.

"Anaanguka kila saa, hata kusema hawezi," nesi alisema. "Niko na dawa aina mbili. Alipofika alisema moja iliwahi kukaribia kumuua, na sijui ni ipi. Barabara zimefungwa, siwezi kumtoa. Hebu niangalizie kwa kompyuta."

Stima ilikuwa imerudi. Mwenzetu wa Sarang'ombe akaja mbio. Mwanamume mmoja wa hapo Lindi, mwenye panga, akatusindikiza, maana kupita peke yetu hatungethubutu. Wa Sarang'ombe akaandika kipande chake, nami changu. Nikampigia mwenzetu wa Kawangware.

"Nipe kipande chako, haraka."

"Ndio iweje? Hiyo mashine iko na majina ya watu wetu, na nyumba wanazokaa."

"Kuna mgonjwa hali mbaya huko kwenu! Si ni mimi, bana! Hunijui?"

"Nakujua. Nani amesimama nyuma yako?"

"Hakuna mtu."

Hapo hapo mwenye panga akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kwani hiyo kompyuta iko na majina ya kila mtu?"

Simu ikakatwa. Nilipiga tena na tena, hashiki, mpaka salio langu na la wa Sarang'ombe likaisha, na maduka yalikuwa yamefungwa, kadi ya salio hakuna. Nilimtukana kwa sauti. Mungu anisamehe, nilitukana mpaka kabila lake, na mwenye panga akaitikia kwa kichwa.

Jirani yangu alifariki kule kanisani siku ya tatu.

Nimejaribu kumchukia mwenzangu, nimeshindwa. Ningekuwa mimi niko Kawangware, nimedanganywa hivyo kisha nisikie sauti ile, ningekata simu. Mwenye panga pengine aliuliza tu, kama mtu yeyote. Sijui, na sitajua.

Barabara zilipofunguka, yule wa Kawangware alikuja. Hatukusalimiana. Aliandika kipande chake akiwa ameziba vidole kwa mkono wa pili, na mimi nikageuza uso. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho sisi watatu kuifungua. Yule wa ng'ambo aliandika tena, mara mbili, akiuliza kama tuko hai. Nani angemjibu, na kwa niaba ya nani?

Rekodi ya jirani ilifunguka. Jina la dawa iliyomfaa lilikuwepo, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Chini yake kulikuwa na mahali mgonjwa anataja mtu wa kuitwa akizidiwa. Watu hutaja mume, au ndugu. Yeye alikuwa amenitaja mimi.